Tunacheza wimbo, hatusomi hukumu

Wanaonijua wanajua kwamba hapa ninaandikaka juu ya muhogo na mnyauko wa migomba. Leo ni muziki, na sababu ni aibu iliyonipata mbele ya watu.

Mwezi wa nane wa mwaka 2024 tulifanya kolasio kwa ajili ya wadogo zetu waliotetea kazi zao za mwisho. Sale ilikuwa Kadutu, bafle mbili za kukodi, na mimi ndiye nilikuwa nimeshika komputa. Ilipofika saa tatu ya usiku nikaweka Koffi Olomidé. Munajua vile inakuwaka. Hata baba mwenye sale, aliyekuwa amesimama kwenye mlango akihesabu chupa, alianza kutikisa mabega. Sale nzima ikasimama, isipokuwa dada mmoja wa promosio yetu, agronomu kama mimi, mtu ninayemheshimu sana. Nikaenda kumvuta mkono.

Akaniambia: “Ngoja kwanza. Huyu unatuchezeshea, ulisomaka hukumu yake?”

Nikacheka. “Ile mambo ya Ufaransa? Ile ni politiki ya Bazungu.”

“Uliisoma?”

“Hapana.”

“Kurasa 90 juu ya mozaiki ya muhogo ulizisoma. Kurasa tano juu ya mutu unasikilizaka kila siku, hapana.”

Hakusema kwa hasira. Akakunywa Fanta yake, na mimi nikarudi kwenye komputa. Wimbo ulikuwa ungali unaendelea na sikuukata. Lakini ile usiku, nilipofika nyumbani, nilitafuta. Nilisoma yale ambayo magazeti na mashirika ya habari yaliandika kila mara tribinali ilipokata, mwaka kwa mwaka. Nitayaweka hapa bila kuongeza chumvi, juu wengi wetu tunabishana juu ya Mopao bila kujua hata alihukumiwa kitu gani.

Mwaka 2012 tribinali moja ya Kinshasa ilimpa miezi 3 ya kifungo na sursi, yaani kifungo ambacho hauingii ndani ukikaa vizuri. Alikuwa amempiga produkta wake. Ugomvi ulikuwa wa pesa, euro elfu tatu na kitu. Hiyo ni hukumu ya kwetu, ya waamuzi wa kwetu, na bado tunasema mambo yake yote ni ya Ufaransa.

Mwezi wa saba 2016, uwanja wa ndege wa Nairobi, alimpiga teke mmoja wa wacheza-dansi wake. Kamera ilikuwa hapo. Kenya ilimrudisha kesho yake. Kule Lusaka, maonyesho ya kilimo yaliyokuwa yamemwalika yakamfuta kwenye programu. Mimi kama agronomu nilifurahi kusikia kwamba kwa mara moja maonyesho ya kilimo yameingia kwenye historia ya rumba. Aliporudi Kinshasa polisi ilimchukua, akalala Makala siku chache, akatoka.

Halafu inakuja kesi kubwa. Wacheza-dansi wanne wa zamani walimshitaki Ufaransa kwa mambo ya kati ya 2002 na 2006. Walieleza kwamba walipofika kule kwa tournée waliwekwa katika nyumba moja ya pembeni ya Paris, wakalindwa na wanaume, wakanyang'anywa telefone, na hawakutoka isipokuwa kwa konseri au kwa studio. Walieleza pia kwamba aliwalazimisha kulala naye. Mwaka 2006 wakatoroka usiku. Yeye amekana yote toka mwanzo. Alisema walitunga ile hadithi wapate kubaki Ufaransa.

Mwezi wa tatu 2019 tribinali ya Nanterre ilimhukumu miaka 2 na sursi juu ya mmoja wao, aliyekuwa na miaka 15 wakati ule. Yeye mwenyewe hakuwa mbele ya waamuzi. Kesi ikaenda rufaa Versailles. Mwezi wa kumi na mbili 2021 waamuzi wa rufaa wakakata namna ingine. Kwa mashtaka ya ngono, walimwachia: hakupatikana na hatia. Kwa kuwafungia wale wanawake wanne ndani bila mapenzi yao, walimkuta na hatia, wakampa miezi 18 na sursi pamoja na pesa ya kuwalipa.

Ninaomba tusisome hukumu nusu. Wenye kumchukia wanasema “alihukumiwa kwa kubaka”, na si kweli; rufaa ilimsafisha kwa upande ule na lazima tuiandike vile. Wenye kumpenda wanasema “alishinda kesi”, na hiyo pia si kweli. Kilichobaki, kilichokatwa mpaka mwisho wa rufaa, ni kuwafungia watu. Watu wanne waliokuwa wakimfanyia kazi.

Sasa muangalie tarehe: 2019 hukumu ya kwanza, 2021 hukumu ya rufaa. Kati yake kulitokea nini kwa sisi wasemaji wa Kiswahili? “Waah!” Diamond Platnumz na Koffi, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2020. Ndani ya siku moja video ilikuwa imepita milioni ya kwanza ya watazamaji, mbali sana. Hapa Bukavu iliimbwa kwenye taksi, kwenye saluni, kwenye ndoa za wakristo na za waislamu. Kwa watoto wengi wa Tanzania na Kenya waliozaliwa nyuma ya 2000, ndiyo ilikuwa mlango wa kumjua Mopao. Walimkuta mzee mwenye heshima, aliyekaa kama mfalme, ambaye nyota wa Dar es Salaam anamwinamia.

Kama wimbo, ni mzuri, sitajifanya. Diamond anaruka kama kawaida yake, na Mopao anafanya kile alichokijua toka zamani: kuingia chini, pole pole, na ile sauti nzito ambayo haikimbilii kitu, mpaka seben inapofunguka na hakuna mtu anayebaki kwenye kiti. Uzuri wote wa wimbo uko katika tofauti hiyo, kijana anayefanya haraka na mzee asiyekuwa na haraka. Lakini ndiyo pale ukosoaji wangu unaanzia. Kitu ambacho Diamond alikuwa anakitafuta kwa Koffi hakikuwa sauti tu, kuna sauti nyingi Kinshasa. Alikuja kuchukua ukubwa wake, na ukubwa ndio ule uliokuwa mbele ya waamuzi wa Versailles. Ni nani mkubwa wa orkestra, anashika nini mkononi, anaweza kumfanya mtu wa chini yake kitu gani. Video inauliza lile swali na kulijibu kwa kicheko: mzee amekaa, wasichana wanazunguka. Ukitoka kusoma habari za hukumu halafu ukaifungua tena ile video, macho yako hayaendi tena mahali pale pale.

Na kwetu Congo, hakuna aliyeuliza. Ninakumbuka vizuri, nilikuwa licence ya kwanza. Tulikuwa na furaha ya nchi: Tanzania ambayo vijana wake walitufunika kwa muziki imekuja kupiga magoti kwa mzee wetu. Mtu angetaja Nanterre siku ile, tungemwita adui wa taifa.

Wenzetu wengine wamepitia njia hii na hawakuitembea vizuri kutushinda. Ufaransa yenyewe, inayotuhukumia mzee wetu, ilikuwa na Bertrand Cantat wa Noir Désir. Mwaka 2003, Vilnius, alimpiga mpenzi wake Marie Trintignant mpaka akafa. Miaka 8, akatoka 2007, akarudi kuimba, watu wakajaza sale. Ilibidi mpaka 2017, gazeti moja la muziki lilipoweka uso wake mbele kama nyota wa kawaida, ndipo kelele zikapanda, na mwaka uliofuata akajitoa mwenyewe kwenye festivali za kiangazi. Miaka kumi toka kutoka gerezani. Kwa hiyo sisemi Bazungu beko na dhamiri na sisi hatuna. Tofauti ninayoiona ni hii: kule ugomvi ulifanyika kwa sauti. Watu walijua kosa ni gani, wakabishana kama aliyemaliza kifungo ana haki ya kurudi kwenye jukwaa. Ni mabishano magumu na sina jibu moja. Sisi hatujafika hata kwenye mabishano. Sisi hatusamehe, maana ili kusamehe lazima kwanza utaje kitu unachosamehe.

Tunafanyaje basi? Angalieni majina. Rambo. Vieux Ebola. Ni majina yake ya sifa, tunayaita kwa furaha. Sisi wa Kivu tunaijua Ebola siyo kama jina la jukwaa: ile ya 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo na Ituri, ilibeba watu 2,287. Hata hivyo bafle ikilia tunaita “Vieux Ebola!” na mikono juu. Ukali wa mkubwa umegeuzwa kuwa manukato yake. Hivyo habari mbaya ikija, haikuti jina safi la kulichafua, inaongeza sifa. Teke la Nairobi liligeuka vichekesho kwenye WhatsApp. Nilituma na mimi, ile picha na maneno ya mpira wa miguu. Nimeitafuta juzi kwenye telefone ya zamani nikaikuta ingalimo.

Mtu ataniambia: Wakongomani hawajui kususia wanamuziki. Uongo. Tunajua sana. Kwa miaka mingi, kuanzia baada ya uchaguzi wa 2011, ndugu zetu wa diaspora wanaojiita Combattants walifunga sale za Paris, Brussels na London. Wanamuziki wakubwa wa Kinshasa hawakuweza kuimba kule, juu waliimbia wenye mamlaka. Walisimama kwenye baridi, walipigana na polisi. Kwa hiyo nguvu tuko nayo, uvumilivu tuko nao, hata ujuzi wa kufunga mlango wa sale tuko nao. Ile nyumba ya pembeni ya Paris ilikuwa karibu nao kuliko Kinshasa. Lakini bendera waliyoinua haikuwa ya wale wanawake wanne.

Na mwaka ule ule wa 2024 tuliona tena. Mwezi wa saba, Koffi kwenye RTNC alisema maneno juu ya vita ya kwetu huku Mashariki, kwamba haioni vita pale, sisi tunapigwa tu. CSAC ilimwita ndani ya siku chache. Mimi nilikasirika kama wengine, tuliozika watu hatutaki kusikia hivyo. Lakini nilijiuliza kesho yake: kumbe kuna ofisi inayoweza kumwita? Kumbe simu yake inajulikana? Miezi michache mbele alikuwa kandida wa useneta wa Sud-Ubangi, na hukumu ya Versailles haikumzuia kitu, hata sikusikia mtu akiitaja kwenye mabishano ya kampeni. Neno baya lilipewa wiki moja kupata jibu. Kufungia watu wanne, hakuna ofisi ya kwetu iliyouliza.

Nirudi kwa muziki, juu ndipo ninapotaka kufika.

Kila mara tukiongea haya, kuna msomi mmoja (sisi wasomi tuko na huu ugonjwa) anayesema: tutenganishe kazi na mwenye kazi. Neno zuri, nililisema na mimi miaka mingi. Lina maana kwa mtu anayeandika shairi peke yake chumbani. Lakini kwa ndombolo? Kazi ni nini? Ondoa wacheza-dansi kwenye konseri ya Quartier Latin, ukabaki na nini? Bercy ya mwaka 2000, ile tuliyoiona watoto kwenye kasete za video zilizochakaa, unakumbuka sauti au unakumbuka ile mistari ya watu wakigeuka wote pamoja, kiuno kimoja? Dansi siyo pambo la ule muziki, ni nusu ya muziki wenyewe. Atalaku anapoita, anawaitia wao. Ngoma inabadilika juu ya miguu yao. Basi wale waliofungiwa ndani walikuwa ni wafanyaji wa ile kazi ninayoambiwa niitenganishe na mwenyewe. Ukiniambia niheshimu kazi, nakubali kabisa, na kwa sababu ya kuiheshimu nitauliza waliyoifanya walilala wapi, walilipwa ngapi, na nani alishika pasipoti zao.

Nilijipima. Wa Quartier Latin ninaweza kuwataja bila kufikiri: Fally Ipupa, Felly Tyson wa gita, Suzuki 4x4, na wengine tena. Wacheza-dansi? Hata mmoja. Nimewaangalia miaka ishirini, ninajua mwili wao kuliko ninavyojua jirani zangu, na sijui jina la mtu hata moja. Siwezi kusema kwamba ni hukumu imenificha hilo. Ni sikio langu na jicho langu, vile nilifundishwa kuangalia.

Wenye kusoma mambo ya ardhi huku kwetu watanielewa haraka. Katika Bushi kuko kalinzi na kuko bwasa. Mwenye kalinzi ametoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa mahali, shamba ni lake mpaka kwa wajukuu, anapanda migomba na kahawa. Mwenye bwasa amekopeshwa shamba kwa msimu. Analima maharagwe, muhogo wa haraka, na mgomba haruhusiwi kupanda, juu mgomba ni kusema “mimi niko hapa”. Mwenye shamba akiamka vibaya, bwasa imekwisha. Nilipokuwa nikitembea Walungu kwa ajili ya memwari yangu, mama mmoja aliniambia hawezi kugombana na mwenye shamba hata akimkosea kabisa, atalisha watoto nini msimu ujao. Orkestra zetu ni bwasa. Jina la orkestra ni la mkubwa, vyombo ni vyake, mwaliko wa visa unapitia kwake, na libanga, zile pesa za matajiri wanaotajwa ndani ya nyimbo, zinaingia kwake. Mwimbaji mwenye bahati anapanda mgomba wake siku moja, anatoka kama Fally alivyotoka 2006, anakuwa mkubwa na yeye. Mcheza-dansi hana siku hiyo. Hakuna mgomba wa kupanda. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kupiga, kufungia, kufukuza, na wengine wote wa orkestra wakaangalia pembeni. Si kwamba wote ni wabaya. Wako kwenye shamba la mtu.

Na huko ndiko nadhani hukumu ya Versailles inatuhusu zaidi kuliko ile ya Nanterre. Ya Nanterre ingetuacha tuseme: ni tabia yake, tamaa zake, Mungu amsaidie. Ya Versailles inasema juu ya kazi: mlango, ufunguo, telefone. Hivyo ni vitu ambavyo orkestra yoyote inaweza kuvifanya bila kuwa na shetani ndani yake.

“Walitafuta documents.” Neno hili lilirudi kila mahali nilipouliza, hata kwa mama yangu mzazi. Inawezekana, siko ndani ya roho zao. Sisi wote tunajua mtu aliyetunga hadithi ili abaki Ulaya. Lakini fikirini kidogo. Waamuzi wa rufaa hawakuwa watu wa kumeza kila kitu; upande mzima wa mashtaka, ule mzito kabisa, waliukataa. Watu hao hao waliokataa ule, waliamini huu. Na anayetaka kubaki Ufaransa kwa ujanja anaweza kupotea mchana, sokoni, kwenye metro, kama walivyopotea wengi waliopandishwa ndege na orkestra zetu. Kwa nini utoroke usiku kutoka nyumba unayoweza kuiacha mchana?

Wengine wanasema ni sheria ya wageni. Sheria yetu ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya unyanyasaji wa ngono ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kubaka kunaanzia miaka 5 mpaka 20 gerezani. Kufungia mtu ni kosa Kinshasa kama ni kosa Versailles. Hatukukosa sheria.

Sitaki nyimbo zichomwe. “Loi” ya 1997 ni utoto wangu, baba yangu aliipiga Jumapili akipasi shati, na baba amekufa. Sitamwondoa ndani ya ule wimbo. Pia sitaki mtu aliyehukumiwa akae nje ya kazi mpaka kaburini. Nina shemeji aliyefungwa kwa kupigana na leo ni seremala mzuri. Lakini shemeji hakurudishiwa panga mkononi siku aliyotoka. Mwanamuziki aliyehukumiwa kwa kufungia wafanyakazi wake, akirudi kwenye jukwaa, arudi na kontra za wafanyakazi wake zikiwa zimeandikwa, kila mtu na pasipoti yake mfukoni. Mwenye kuandaa konseri anaweza kuuliza hilo kabla ya kulipa avansi. Anauliza mambo mengi zaidi, mpaka aina ya maji na rangi ya gari. Na sisi tunaonunua tiketi tunaweza kumwuliza mwenye kuandaa.

Mutaniuliza kwa nini ninatoka jasho juu ya haya na mimi ni mtu wa muhogo. Nina binti shangazi wa miaka 19, amemaliza D6 mwaka jana, anacheza dansi vizuri kuliko yeyote ninayemjua. Yuko kwenye kikundi kimoja hapa mjini. Mwezi wa tisa mkubwa wa kikundi alikuja kwa shangazi na habari njema: safari ya Nairobi, wiki sita, hoteli na chakula vimelipwa. Shangazi alilia kwa furaha. Akaniita niwe hapo, juu mimi ndiye “mwenye kusoma” wa familia.

Zamani ningemshukuru yule mutu na kumpa soda. Safari hii nilimwuliza kwa heshima mambo matatu. Atalipwa ngapi kwa kila konseri, na iandikwe. Anwani ya mahali watalala. Na pasipoti itakuwa kwa nani.

Kwa mambo mawili ya kwanza alisema tutaona. Kwa la tatu alishangaa kweli kweli, hakuwa anajifanya. “Kaka, pasipoti zinabakiaka kwangu. Zote. Nikimwachia kila mutu yake, watakimbia.” Halafu akacheka, akamwangalia shangazi kama kumwomba msaada: “Hata Mopao alikuwa anafanya vile.”

Alilisema kama ushahidi wa kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa kazi anayejua kazi. Sijui kama alisoma hukumu au hakusoma. Nadhani hakusoma. Alijua tu vile mambo yanafanyikaka, na jina la aliyeyafanya likiwa kubwa namna ile, ni nani atamwambia ni kosa.

Hatukutoa pasipoti. Kikundi kilienda na msichana mwingine, ambaye sikujua hata nimwonye kwa njia gani, sijui anakaa wapi. Binti shangazi hajanisalimia toka siku ile. Nikifika kwao anaingia chumbani, anaweka muziki kwa sauti ya juu, na ninasikia miguu yake kwenye sakafu, anajifunza peke yake. Juzi shangazi alitaka nikae na pasipoti kwangu, kwa usalama. Nilimwambia hapana, mama, hata mimi msinipe. Iko kwake, ndani ya begi yake, chini ya nguo za dansi.